Dawa inayonuka vizuri: inasaidia wapi, inatuangusha wapi?

Ukipita jioni pembeni ya komine ya Shituru, hapa Likasi, utakuta bamama wameinama kwenye vitalu vya lengalenga na nyanya. Mboga hizo kesho asubuhi ziko sokoni, na mchana ziko kwenye sahani pamoja na bukari. Dawa tuliyopuliza jana, kesho tunaikula sisi wenyewe na watoto wetu.

Shituru ni mahali pa kiwanda cha shaba tangu zamani. Udongo na maji yetu vimebeba mabaki ya madini miaka mingi. Tukiongeza juu yake sumu kali, ya chupa isiyokuwa na karatasi ya maelezo, tunajizidishia mzigo. Ndiyo maana wanachama wengi wa ushirika wanauliza habari za mafuta ya mimea yenye harufu: mchaichai, mkaratusi, kivumbasi. Lakini mama mmoja alituambia bila kuficha: "Ile dawa iko inanuka muzuri, lakini kesho yake badudu banarudia!"

Mama huyo ana haki. Tuelezane sababu.

Mafuta hayo ni nini?

Ukisugua jani la mchaichai mkononi, harufu inayotoka ndiyo mafuta yenyewe. Hayafanani na mafuta ya mawese, ambayo yanabaki kwenye sufuria. Haya yanaruka hewani. Yanafukuza wadudu, na yakiwagusa wengine yanawaua, hasa wale wadogo. Nguvu ya mchaichai inatoka kwenye kitu kinachoitwa sitrali. Ya mkaratusi, sineoli. Ya karafuu, eugenoli. Kule Pemba, kiwanda cha Wawi kinakamua mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu.

Kwa kuwa yanaruka, hayakai muda mrefu kwenye mboga wala kwenye udongo. Hiyo ndiyo faida yake. Kwa sababu hiyohiyo, jua la mchana likiyapiga, kazi yake inakwisha upesi. Hiyo ndiyo hasara yake.

Shambani: jioni, na mapema

Yule kiwavi wa mahindi aliyetoka Amerika alionekana Afrika mara ya kwanza 2016. Mchana anajificha ndani ya moyo wa mhindi. Akishakuwa mkubwa, harufu haimtishi tena. Kwa hiyo:

- Pita shambani mara mbili au tatu kwa juma tangu mahindi yakiwa machanga. Ukiona mayai chini ya jani, yaponde kwa vidole.
- Mafuta na maji havichanganyiki. Koroga kwanza mafuta na sabuni ya maji, halafu ongeza maji kidogokidogo. Usizidishe kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa litri 1 ya maji, maana yakizidi yanaunguza majani.
- Jaribu kwanza kwenye miche michache na ungoje siku mbili. Majani yakibadilika rangi, punguza mafuta.
- Puliza jua likishashuka, wakati nyuki wamerudi nyumbani, na uelekeze dawa ndani ya moyo wa mhindi. Rudia baada ya siku chache. Mvua ikinyesha, rudia tena.

Viwavi wakishakuwa wakubwa, usitegemee mafuta haya peke yake. Waokote kwa mkono.

Ghalani: harufu ikifungiwa

Hapa ndipo dawa hii inafanya kazi nzuri zaidi. Wadudu wa maharage wanaishi mahali palipofungwa, na harufu ikifungiwa humo haina pa kukimbilia. Kausha maharage vizuri. Yajaze ndani ya bidoni safi hadi juu, weka kitambaa chenye matone machache ya mafuta ya mkaratusi, kisha ufunge kabisa. Kukosa hewa kunamsumbua mdudu, na harufu inamaliza kazi. Kabla ya kupika, anika maharage mahali penye hewa, kisha uyaoshe. Mbegu za kupanda ziweke mbali na mafuta hadi umeotesha 10 na kuona kama zinaota. Bidoni iliyowahi kubeba dawa ya kiwandani usiitumie kamwe kwa chakula wala kwa maji.

Moto una bei yake

Kukamua mafuta kunahitaji pipa, maji, moto, na mpira wa kupitisha mvuke ndani ya maji baridi. Kilo 100 za majani mabichi ya mchaichai kwa kawaida hazifikishi hata kilo 1 ya mafuta. Kila mtu akiwasha moto wake, tutamaliza miti ambayo tayari inaisha kwa makala. Afadhali ushirika uwe na pipa moja, siku moja ya kazi, na majani yaliyokwisha kukamuliwa yakaushwe na yawe kuni za safari nyingine.

Na tusidanganyane: kitu cha asili kinaweza kuumiza. Mafuta haya yakiwa mazito yanaunguza ngozi na macho, na mtoto akiyanywa ni hatari kubwa. Yawekwe juu, kwenye chupa iliyoandikwa jina.

Ndugu wakulima, msimu huu tufanye hivi: mistari mitatu ya mahindi ipulizwe, mitatu iachwe. Andikeni kwenye daftari mlichoona, kizuri na kibaya. Mkutano ujao wa ushirika, mlete madaftari hayo tuyasome pamoja.