Chaki Sakafuni, Mzee Mlangoni

Nilienda Keroka kwa shida ndogo tu: mlango wa gari langu ulikuwa umekataa kufunga. Kuingia gereji, nikakuta watu wanne wamelala chali kwenye simenti, mume, mke na watoto wawili, ndani ya mstatili uliochorwa kwa chaki. Fundi alikuwa amewasimamia na tepu ya kupimia mkononi, kimya, kama fundi cherehani anayekadiria kitambaa kisichotosha. Mtoto mdogo akalia, "Baba!" Nikamtazama mume. Aliyeinuka ni mke. Kwa Ekegusii mama huitwa baba, naye baba huitwa tata; mgeni hulisahau hilo kila mara.

Mlango wangu ulitengenezwa kwa dakika ishirini. Mimi nilikaa pale hadi jioni.

Mstatili ule ulikuwa sakafu ya Toyota Hiace ya mizigo, lile boksi tupu lisilo na madirisha nyuma ambalo tumezoea kuliona likishushwa Mombasa na kugeuzwa matatu. Hii haikuwa inaenda barabarani kubeba abiria. Vijana hawa wamepanga Nairobi, na walitaka gari la kulala: la kwenda nalo Maasai Mara, ziwani, na hasa nyumbani Nyamira, ambako hawajajenga. Fundi, ambaye aliomba jina lake lisiandikwe, alikuwa amekataa kukata hata kipande kimoja cha bati kabla hawajalala kwenye chaki.

"Watu huja na picha kwenye simu," aliniambia. "Picha ni ya Mzungu mmoja na mbwa wake. Mimi nina watu wanne. Nawaambia, laleni hapo kwanza. Chaki haina aibu, itawaambia ukweli."

Ukweli wenyewe ni huu. Nyuma ya viti vya mbele, Hiace ile ina urefu wa karibu mita 3 na upana wa mita 1.5 tu. Mume ni mrefu. Akijilaza kukingama gari, miguu inatoka nje ya chaki. Basi sharti alale kwa kufuata urefu wa gari, mkewe ubavuni, na mdogo katikati. Hapo mita 2 zimekwisha. Ile mita 1 iliyobaki lazima ibebe jiko, maji, nguo, na benchi ambalo mchana ni kiti cha watoto na usiku ni kitanda cha binti mkubwa. Yeye bado mfupi, anaweza kulala kwa kukingama. Fundi alimpima kwa tepu, akaandika nambari kwenye ukuta, kisha akawageukia wazazi: "Huyu atakua. Gari halitakua."

Kisha akafanya jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Chaki huonyesha upana na urefu, haionyeshi kimo. Akafunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, juu ya mstatili, mita 1.3 kutoka sakafuni. Akapanga kreti za soda chini, akaweka ubao juu yake kuwa kitanda, akamwambia mke aketi na kumnyonyesha mtoto. Mke akaketi. Kamba ikamgusa nywele. Fundi akatoa kreti, akaweka mbao nyembamba mahali pake, akamketisha tena. Sentimita tano zilipungua. Kwa mtu mwingine hizo si kitu. Kwake zilikuwa tofauti kati ya mama anayenyonyesha ameinamisha shingo usiku kucha na mama anayenyonyesha ameketi sawasawa. Walirudia mara nne. Hakuna aliyemharakisha.

Ufundi huu aliupata kwenye matatu. Alikuwa kijana wa kushika spana wakati kanuni za matatu, zile za Michuki, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, zikadai abiria 14, mikanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano. Miaka mingi kazi yake ilikuwa kukata madirisha kwenye boksi na kufunga viti. "Nilikuwa nabana watu wasiojuana," anasema. "Sasa nabana watu wanaopendana. Kazi ni ileile, ila hawa lazima waamke bado wanapendana."

Kutoka kwenye matatu ameleta sheria moja asiyoilegeza: kitanda si kiti. Gari likitembea, kila mtoto yuko kwenye benchi na mkanda umefungwa, na bolti za benchi hilo zinapita sakafuni hadi kwenye bamba la chuma chini ya gari. Bolti iliyoshika bati peke yake, anasema, siku ya breki ya ghafla hung'oka na bati lake.

Mengine ameyajifunza kutokana na mvua ya Gusii. Mji wa Kisii uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Usiku wake ni baridi na bati hupoa upesi. Watu wanne wakipumua ndani ya boksi lililofungwa, pumzi yao hugeuka maji kwenye dari na kuwadondokea alfajiri. Anayejaza sponji ukutani kuzuia baridi amefuga kutu, kwa sababu sponji hunywa maji yale na kuyashikilia. Kwa hiyo kazi ya Fundi huanza na matundu ya hewa, moja chini na moja juu. Mapambo ni baadaye. Lile la chini lina kazi ya pili: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujikusanya sakafuni, karibu na walikolala watoto. Mbao za mkaratusi, ambazo zimejaa kila kilima hapa, hazitaki. Ni nzito na hupinda.

Yote hayo nilikuwa nimeyaandika na kufunga daftari, ndipo mke akauliza swali lake, kwa sauti ya chini kidogo.

"Na tukifika nyumbani, mzee ataingia?"

Mume akatazama kando. Fundi akaketi kwenye kreti.

Msomaji asiye wa huku nimweleze. Abagusii wana chinsoni, staha inayomtenga mzazi na mwanawe aliyekomaa. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Robert na Barbara LeVine, watafiti waliokaa Gusii miaka ya 1950, waliandika kuhusu jambo hili katika kitabu chao cha 1966. Ila wakati wao nyumba zilikuwa hazitembei. Gari hili lina kitanda cha mume na mke, wazi, hatua moja kutoka mlangoni. Likiegeshwa uani kwa mzee, ni gari la mwanawe, ambalo angepanda bila wasiwasi kupelekwa hospitali? Au ni nyumba ya mwanawe, ambayo hawezi kuikanyaga?

"Mimi si mzee wa mila," Fundi alisema hatimaye. "Mimi ni wa bati. Lakini sitamweka omogaka, mzee wa watu, kwenye mtego."

Akachukua chaki, akaligeuza jiko. Badala ya kukaa ndani likitazama kitanda, sasa lingekaa mkiani, lifunguke kwa mlango wa nyuma. Juu ya mlango huo turubai, chini yake meza ya kukunja na kiti kimoja. Mbele ya kitanda, pazia zito. Mzee akija, chai inapikwa na kunywewa nje, na wajukuu wanamfuata pale. Haingii, na hakuna anayelazimika kusema kwa nini hakuingia.

Maswali mawili yamebaki, nami sikupata wa kunijibu. La kwanza ni la mume mwenyewe: kijana wa Gusii aliyeleta kitanda chake uani kwa magurudumu, je, amejenga nyumbani? Nilipomuuliza alicheka, kisha hakuendelea kucheka. La pili ni la binti, siku atakapolizidi lile benchi.

Kabla ya safari, gari litapelekwa kukaguliwa na badiliko la bodi liingizwe kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Bila hivyo karatasi zitaendelea kusema ni la mizigo. Nawe msomaji, ikiwa umelipigia hesabu boksi kama hilo kwa ajili ya wanao, usianze na grinda. Nunua chaki na kamba, laza familia yako sakafuni usiku mmoja, na kabla hujakata bati, muulize mzee atakaa wapi.