Macho ya wazee yakififia katikati

Katika koperative zetu huku Ituri kuna wazee ambao siku hizi wanasemwa vibaya. Mnapishana naye njiani kwenda soko la Bunia, hakuamkii. Pesa yake anamwita mjukuu amhesabie. Basi watu wanasema amekuwa na kiburi, ao akili imechoka. Mara nyingi si hivyo: haoni sura zenu.

Kuna ugonjwa wa uzee unaoharibu katikati ya sehemu ya nyuma ya jicho, ile tunayoisomea na kutambulia mtu. Unawapata hasa waliopita miaka 50, na wanaovuta tumbaku zaidi. Hauumi. Pembeni jicho linaendelea kuona, ndiyo maana mzee asiyekutambua anaweza kufika shambani peke yake bila kujikwaa, na watu wanadhani anadanganya. Ukimkuta, taja jina lako kwanza: «Jambo baba, ni mimi fulani.»

Tusichanganye na mtoto wa jicho, ambaye munganga anamtoa kwa kupasua, na mtu anaona tena. Wala na upofu wa mto, unaoletwa na vinzi vya kando ya maji yanayokimbia. Huo una dawa ya Mectizan, ambayo kiwanda kiliahidi mwaka 1987 kuitoa bure. Kwa hiyo munganga wa macho aangalie kwanza. Na kama mistari ya mahindi uliyopanda kwa kamba unaiona imepinda, funika jicho moja, kisha lingine, ujaribu tena. Jicho likionyesha mupindo, usingoje. Aina moja ya ugonjwa huu inakimbia, na sindano za ndani ya jicho zikiwahi zinaweza kuizuia, ingawa ni ghali na hazipatikani kila mahali. Aina ya pole pole ndiyo ya wengi, na kilichopotea hakirudi.

Jambo moja linafichwa sana. Wengine wenye macho haya wanaona watu, maua ao nyama ambazo hazipo. Mwaka 1760 mtaalamu wa Uswisi, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake aliyeona vitu hivyo, macho yakiwa mabovu na akili ikiwa nzima. Ubongo unajaza pale jicho lisipoleta kitu. Huku kwetu mama mzee akisema hivyo anaweza kuitwa mchawi, naye ananyamaza na kuogopa peke yake. Si uchawi. Aambiwe waziwazi, na familia nayo iambiwe.

Kazi ya shamba haikwishi. Kitu kikipotea ukikitazama moja kwa moja, geuza macho kidogo pembeni. Utakitafuta upande wako mzuri kwa siku nyingi mpaka uzoee. Kuchambua maharagi kufanyike nje, jua likiwa mgongoni, na kofia kichwani. Maharagi meupe yamwagwe juu ya kitambaa cheusi, mekundu juu ya gunia jeupe. Noti za franka zikunjwe nyumbani, pamoja na mtu mmoja wa kuaminika: elfu tano mara moja, elfu kumi mara mbili. Dola ndiyo mtego, maana noti ya 1 na ya 100 zina ukubwa ule ule. Hizo zikae kila moja mfuko wake.

Dawa ya wadudu, hapo hakuna mchezo. Chupa ifungwe kipande cha mpira wa baiskeli ili mkono uijue, ikae mbali na mafuta ya kupikia, na kipimo apime mwingine.

Siku ya kupima kahawa ao kakao, karani asome kilo kwa sauti, mwenye mzigo akiwa pale pale. Kisha aandike kwenye karatasi ya mwanachama kwa kalamu nyeusi nene, namba kubwa kama kidole. Inachukua dakika moja, na wale wasiojua kusoma watafurahi pia kusikia kilo zao.