Nyanya zinanyauka na udongo una maji? Pima shina kwanza

Umemwagilia jana, udongo bado una unyevu, lakini nyanya zimelala. Kwa mwenye bustani pale Bombambili, Songea, wazo la haraka ni kuongeza ndoo nyingine. Subiri kwanza.

Maji yanapandaje?

Mmea hauna moyo wa kusukuma maji. Mizizi inafyonza maji yenye madini, yanaingia kwenye mirija myembamba ndani ya shina, inaitwa zailemu. Jua likiwaka, maji yanatoka kama mvuke kwenye vitundu vidogo vya majani. Yanayotoka juu yanavuta yaliyo chini. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayofyonzwa huishia hewani. Sukari inayotengenezwa na majani hupita njia nyingine, floemu, kwenda kwenye mizizi na matunda.

Njia ikiziba

Zailemu ikiziba, hata umwage pipa zima jani halipati kitu. Ndivyo unavyofanya ugonjwa wa mnyauko bakteria. Bakteria huyo, Ralstonia solanacearum, anaishi kwenye udongo, anaingia kupitia vidonda vya mizizi, anazaliana ndani ya mirija na kutoa ute unaoziba njia. Mmea unanyauka majani yakiwa bado ya kijani.

Jinsi ya kupima

Kata kipande cha shina karibu na ardhi. Kishikilie wima ndani ya glasi ya maji safi, bila kutikisa, ncha ya chini iguse maji. Baada ya dakika chache, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ni mnyauko bakteria.

Ukishaugundua

Hakuna dawa ya kuuponya mmea ulioshambuliwa. Ng'oa pamoja na mizizi, uchome. Usiache maji yatiririke kutoka hapo kwenda matuta mengine, maana yanabeba bakteria. Osha jembe. Hapo usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili, viazi mviringo wala tumbaku, zote ni za ukoo mmoja. Panda mahindi kwa misimu kadhaa.

Je, maji ya glasi yamebaki safi na nyanya zinainuka jioni? Huenda ni joto tu: majani yalipoteza maji haraka kuliko mizizi ilivyoyafyonza. Zisipoinuka, mwite afisa ugani wa kata aangalie kabla hujanunua dawa.