Jeni Zinazosahihishana katika Kaka la Yai la Nondo

Msomaji aliyeuliza jinsi yai la nondo wa hariri linavyovuka majira ya baridi bila kukauka wala kukosa hewa hana budi kuanza na kaka lake, tabaka gumu la protini lenye vijitundu vya kupitishia hewa, ambalo hutengenezwa na seli za folikili zinazolizunguka yai likiwa bado tumboni mwa nondo.

Katika Bombyx mori, jeni za protini hizo ni zaidi ya 100, nazo zote zimetoka katika matawi mawili ya kale, alfa na beta, yaliyoongezeka kwa urudufu, yaani kipande cha DNA kunakiliwa mara mbili na nakala zote kubaki jirani. Zinazovutia zaidi ni zile zinazofanya kazi mwishoni, kaka linapokazwa: jozi 15, kila jozi ikiwa na jeni moja ya alfa na moja ya beta zilizogeuziana mgongo, na kati yake kipande kifupi cha DNA kinachoziwasha zote mbili kwa pamoja. Karibu theluthi moja ya asidi amino katika protini za jozi hizi ni sisteini, yenye salfa, na salfa hizo ndizo zinazoshikana na kuligandisha kaka.

Ingetarajiwa kwamba nakala za zamani hivyo zingekwisha kutofautiana, lakini katika miaka ya 1980 Thomas Eickbush na wenzake walionyesha kwamba hufanana kwa sababu ya uwianishaji wa jeni, jina linalofaa kwa kuwa hapa hakuna kubadilishana: jeni moja hutoa, jirani yake hufutwa na kuandikwa upya. Ni kama wanakili wa utenzi mmoja wanaoishi nyumba moja, ambao kila ubeti unapochakaa huujaza kwa kutazama nakala ya mwenzao, pamoja na makosa yake, hata baada ya vizazi kadhaa mtafiti akazidhani nakala zote ni za mwaka mmoja, na akaushangaa ubeti wa pembeni ambao haukuguswa na mtu. Kwa hiyo, katika ukoo huu, kufanana ni kipimo kibovu cha umri.

Inzi wa matunda, Drosophila, alishika njia nyingine kabisa: ana jeni chache, lakini, kama Allan Spradling na Anthony Mahowald walivyoeleza mwaka 1980, seli zake za folikili huzinakili jeni hizo mara nyingi ndani ya kiini kabla ya kutengeneza kaka, na kazi yote humalizika kwa saa chache.