Saikolojia: Utafiti uliopata jibu baya mashariki mwa Congo, na sababu ya kutoufungia kabatini

Kwa mwaka mmoja, wakaaji wa maeneo kadhaa ya mashariki mwa Congo walisikiliza mchezo wa redio kuhusu migogoro kati ya jamii. Katika sehemu fulani, mchezo ulifuatwa na kipindi kilichowahimiza wasikilizaji kuzungumza wao kwa wao na kujaribu kuelewa upande wa wengine. Lengo lilikuwa kuongeza uvumilivu.

Mwanasaikolojia Mmarekani Elizabeth Levy Paluck alipopima, alikuta kinyume. Waliosikia kipindi hicho walizungumza zaidi, ni kweli, lakini walikumbuka zaidi malalamiko yao, na moyo wa kusaidia watu wasiowapenda ulipungua. Aliyatangaza hayo mwaka wa 2010.

Wengi hufungia matokeo kama hayo kabatini, maana majarida hupenda majaribio yaliyofaulu. Kisha shirika lingine linakuja Goma ao Bukavu na kipindi cha namna ileile, bila kujua.

Mwaka wa 2011, Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walionyesha ugonjwa huo kwa mzaha. Walichukua wanafunzi 20, na hesabu ikatoa kwamba kusikiliza wimbo mmoja wa Beatles kunapunguza umri wa mtu kwa karibu mwaka mmoja na nusu! Upuuzi, na wenyewe walijua. Lakini hawakubuni tarakimu hata moja: walipima mambo mengi, wakataja yale tu yaliyowafaa.

Mwaka wa 2015, kundi la watafiti wapatao 270, likiongozwa na Brian Nosek wa Chuo Kikuu cha Virginia, lilitangaza kwamba limerudia majaribio 100. Mwanzoni, 97 yalikuwa yametoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Yaliporudiwa, ni asilimia 36 tu.

Tangu hapo, watafiti wengi huandikisha mpango wao kabla ya kukusanya chochote, na huweka takwimu mahali ambapo wengine wanaweza kuzikagua. Majina hufichwa, katika eneo la vita hata jina la kijiji linaweza kumfichua aliyejibu.

Jarida la Cortex lilikwenda mbali zaidi mwaka wa 2013: linapima swali na mbinu kabla ya matokeo kujulikana. Likikubali mpango, na mtafiti akiufuata, litachapisha makala hata kama jibu ni hapana.