Kibanda umiza nacho kina haki zake

UKITAKA kujua soka la Tanzania linaishi wapi, usiishie Msimbazi wala Jangwani. Panda basi la kwenda Iringa au Mbeya, vuka mbuga, shuka Mikumi siku ambayo Simba na Yanga wanakutana. Au ingia Kilosa, mji wa reli tangu enzi za Mjerumani. Huko hakuna uwanja wa Ligi Kuu. Kuna kibanda umiza: mabati, mabenchi, king'amuzi kimoja, na watu waliojaa mpaka nje dirishani. Kiingilio jero, mechi kubwa buku.

Skrini hiyo hiyo inayoonyesha mpira ndiyo inayoonyesha tamthilia, na wikiendi usiku inaonyesha ngumi. Jamaa aliyekesha akibishana kuhusu penalti ndiye huyo huyo asubuhi kijiweni anabishana nani mbaya kwenye tamthilia ya jana. Shabiki wa huku havitenganishi vitu hivi. Kwake vyote ni burudani, vyote anavilipia, na ana haki ya kuvipima kwa mizani moja.

Ukivipima hivyo, ligi yetu inashinda kwa utamu, tena kwa mbali. Lakini kuna jambo moja ambalo tamthilia inaipiga bao kila wiki: kuheshimu muda wa mtazamaji.

Tulikotoka

Vijana wa sasa hawajui raha waliyonayo. Mwaka 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. ITV ilianza mwaka uliofuata, 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa wametutangulia kwa takriban miaka 20.

Kwa hiyo mtu wa Kilosa ambaye hakuwa na nauli ya kwenda Dar es Salaam aliishi na redio. Simba ilitoka suluhu ugenini, ikaja kufungwa 2-0 nyumbani, na nchi nzima ilipokea maumivu kwa masikio. Hizo ndizo enzi za Radio Tanzania, za kina Ahmed Jongo na Charles Hilary. Mtangazaji akisema mtu ameotea, basi ameotea. Utabishana na nani?

Leo mambo yamegeuka. Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 dhidi ya USM Alger, Mikumi iliona kila kitu: kipigo cha 2-1 Dar es Salaam, ushindi wa 1-0 kule Algiers, na kombe kupotea kwa kanuni ya bao la ugenini. Mei 2025 zamu ikawa ya Simba mbele ya RS Berkane ya Morocco. Ililala 2-0 ugenini, ikatoka sare ya 1-1 kwenye Uwanja wa Amaan, Zanzibar, na katikati kuna bao lilikataliwa na VAR. Bao lile limerudiwa kwenye vibanda mara ngapi, mwenyewe Mungu ndiye anajua.

Televisheni imempa shabiki wa wilayani ushahidi. Zamani alisimuliwa, sasa anaona. Ndiyo maana ubishi wa Mikumi siku hizi ni wa kitaalamu kuliko wa mjini, maana mtu wa uwanjani anaona tukio mara moja, wa kwenye kibanda analiona mara sita.

Tatizo dogo liko kwa baadhi ya watangazaji wetu. Wanatangaza televisheni kama redio. "Anautuliza, anageuka, anatoa pasi." Bana, hayo tunayaona! Tuambie tusichokiona: kwa nini beki wa kulia hapandi leo, nani kaumia mazoezini. Au nyamaza kidogo tusikie uwanja.

Ligi nayo ni tamthilia

Wapo wanaosema mpira ni wa maana na tamthilia ni mambo ya kupoteza muda. Si kweli. Chukua Novemba 5, 2023. Yanga inampiga Mnyama 5-1. Maxi Nzengeli anatupia mawili, Pacome lake, Aziz Ki lake, Musonda lake, Kibu Denis anafuta machozi. Siku chache baadaye Kocha Robertinho hana kazi. Mwandishi gani wa tamthilia angeandika hivyo akaaminiwa?

Na ina historia yake ya visasi. Mwaka 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akipiga matatu. Mei 2012 Simba ikashinda tena 5-0. Simba ikachukua ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2018, Yanga nayo ikajibu kwa mara nne mfululizo kuanzia 2022. Ukimpa Mturuki hadithi hiyo anakutengenezea misimu kumi.

Tukiwataja Waturuki, tuwe wakweli: Sultan ilipoingia Azam ikiwa na sauti za Kiswahili, iliteka hadi wanaume waliojifanya hawaangalii. Suleiman na Hurrem walijulikana vijijini kama wachezaji wa timu kubwa. Siri yake haikuwa majumba wala mavazi. Ilikuwa lugha. Mama anayemenya vitunguu jikoni aliifuata hadithi bila kusoma maandishi chini ya skrini.

Hapo kuna somo kwa tamthilia zetu wenyewe. Kiswahili tunacho, waigizaji tunao, hadithi zimejaa. Kinachotuangusha mara nyingi ni kuvuta. Ugomvi wa siku moja unapelekwa wiki tatu, mtu anafungua mlango dakika nzima. Timu ikicheza hivyo kijiweni tunasema inarudisha mpira nyuma.

Bongo Star Search nayo ina cha kuwafundisha wachambuzi wetu wa soka. Madam Rita na majaji wenzake walimwambia kijana ukweli akiwa amesimama mbele yao: huwezi, nenda kajifunze. Wachambuzi wengi wetu wakifika kwenye Simba na Yanga wanaanza kuzunguka. Mchezaji kacheza vibaya, wanasema "hakuwa kwenye siku yake". Msimu mzima hana siku yake?

Na ngumi? Hapa mkoa wa Morogoro tuna sauti. Francis Cheka ni wa mji kasoro bahari, na Agosti 2013 alimshinda Mmarekani Phil Williams na kutwaa mkanda wa WBF. Twaha Kiduku naye ni wa huku huku. Uzuri wa ngumi kwenye runinga ni kwamba hadithi inaanza na kuisha usiku mmoja. Ubaya wake ni mapambano ya utangulizi yasiyoisha. Pambano kubwa linapanda ulingoni wakati nusu ya kibanda imelala kwenye benchi, na kesho alfajiri watu wana shamba.

Siku 109

Sasa turudi kwenye lile deni.

Machi 8, 2025 ilikuwa siku ya Yanga na Simba. Usiku wa kuamkia mechi, Simba ikasema haitacheza kwa kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi kwenye Uwanja wa Mkapa. Siku yenyewe ya mchezo Bodi ya Ligi ikatangaza kuuahirisha. Yanga ikaenda uwanjani. Mechi ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0 na kubeba ubingwa.

Kutoka Machi 8 hadi Juni 25 ni siku 109.

Mengi yalisemwa kuhusu nani alikuwa na haki, Msimbazi au Jangwani. Kila upande ulisikilizwa, kila upande ulikuwa na msemaji. Asiyekuwa na msemaji ni mtu wa kibanda umiza. Fikiria aliyetoka Ulaya. Si ile Ulaya ya Arsenal na Liverpool, ni Ulaya ya hapa hapa wilayani Kilosa. Ameacha shughuli zake, amelipa bodaboda. Mwenye kibanda amelipia kifurushi, ameweka na mafuta kwenye jenereta endapo umeme utakatika. Mama wa chipsi amenunua viazi na mayai ya siku kubwa. Wote hao wanaambiwa mechi haipo.

Aliyekata tiketi ya uwanjani angalau ana karatasi ya kudai. Mama wa chipsi anadai kwa nani?

Tamthilia haijawahi kumfanyia mtu hivyo. Hurrem hajawahi kugoma kutokea kwa sababu Mahidevran kamfungia mlango wa mazoezini. Ikitangazwa usiku, usiku inakuja.

Tuwe na haki pia. Ratiba ya ligi haiwezi kuwa ya chuma. Timu zinasafiri mechi za CAF, Taifa Stars inaita wachezaji, uwanja unaharibika. Shabiki anaelewa. Mabadiliko yanayotangazwa wiki mbili kabla hayamuumizi mtu. Yanayotangazwa jogoo akiwa ameshawika siku ya mechi, hayo ni dharau.

Pesa inatoka wapi

Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, thamani yake Sh225.6 bilioni. Ni wastani wa zaidi ya Sh22 bilioni kwa mwaka. Pesa hiyo imebadilisha klabu, hasa ndogo ambazo zamani zilikuwa zinaazima nauli. Hilo ni jema na halina ubishi.

Lakini pesa ya televisheni haioti kwenye mti. Chanzo chake kimoja ni vifurushi, na vifurushi vinalipwa Kilosa, Kimamba, Ruaha na Mikumi kama vinavyolipwa Kariakoo. Kwa hiyo shabiki wa kibanda ni mmoja wa wadhamini wa ligi hii, tofauti ni kwamba jina lake haliko kwenye jezi.

Mtibwa yetu iko wapi?

Lipo na la kwetu wenyewe. Mkoa huu una bingwa wa nchi. Mtibwa Sugar ya Turiani ilitwaa Ligi Kuu mwaka 1999 na 2000, mara mbili mfululizo, mbele ya vigogo hao hao. Mwaka 2018 ikabeba Kombe la Shirikisho la Azam. Kabla yake tulikuwa na Reli ya Morogoro, iliyoitwa Kiboko ya Vigogo, na jina halikutoka hewani.

Mtibwa ilishuka daraja msimu wa 2023/24. Ikaongoza Championship msimu uliofuata, ikarudi Ligi Kuu 2025/26. Ingekuwa tamthilia, tungelia. Sasa ingia kibanda chochote cha Mikumi uhesabu jezi za Mtibwa. Utahesabu nyekundu, utahesabu njano na kijani, utaondoka.

Usiilaumu televisheni kwa hilo, maana Simba na Yanga walishatuteka tangu redio. Ila televisheni inaweza kusaidia kutibu. Wale Waturuki hatukuwajua, tuliwapenda kwa sababu tulisimuliwa maisha yao. Tusimulieni na kijana wa Turiani anayecheza Mtibwa: katokea wapi, nani alimnunulia viatu vya kwanza. Mtu akijua hadithi ya mchezaji, atakaa kumwangalia hata siku asiyocheza na Simba.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Afcon. Dunia itakuja na kamera zake, na mechi iliyopangwa saa moja usiku itaanza saa moja usiku, hakuna wa kugoma. Kama tutaweza kwa wageni, tuweze na kwa wenyeji. Bodi ya Ligi iweke kanuni ya kueleweka: mechi haiguswi zikibaki siku saba, isipokuwa kwa msiba au mafuriko, na klabu itakayosababisha kuahirishwa ikatwe kwenye mgawo wake wa televisheni.

Pesa hiyo ijenge viwanja vya wilayani. Kilosa haitaikataa.