Jinsi kompyuta inavyotuma Morse badala ya mkono wako

Umewahi kusikia ile milio ya "di-di-daa" redioni? Hiyo ni Morse, na watu wa redio za ridhaa bado wanaitumia duniani kote. Ila siku hizi wengi hawabonyezi kwa mkono. Wanaandika kwenye laptop, redio inatuma.

Inafanyaje kazi?

Kibonyezo cha Morse ni swichi tu. Nyaya mbili zikigusana redio inarusha, zikiachana inanyamaza. Kazi ya kompyuta ni kuwasha na kuzima swichi hiyo, basi.

Kinachotumika ni waya mmoja wa porti ya siriali unaoitwa DTR. Laptop yako haina porti hiyo? Adapta ya USB inatosha. Programu ikiwasha DTR, umeme kidogo unapita kwenye rizista ya ohm 1,000 hadi kwenye transista kama 2N2222, nayo inaunganisha nyaya za kibonyezo. Wengine hutumia optokapla, inayopitisha ishara kwa mwanga, ili umeme wa kompyuta na wa redio usikutane.

Redio za zamani za valvu usiziunganishe hivi, kwani nyaya zake huweza kuwa na volti kubwa.

Kwenye menyu ya redio chagua kibonyezo cha kawaida cha mkono. Ukiacha kile cha pedali mbili, redio itamwaga nukta mfululizo.

Shida ya muda

Mstari mmoja ni sawa na nukta tatu. Kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika, nukta ni milisekunde 60 tu. Kompyuta ikibanwa na kazi nyingine, mpangilio unaharibika. Herufi A ni nukta na mstari. Pengo la katikati likirefuka, anayesikiliza anapata E na T.

Dawa yake ni kifaa kidogo kama WinKeyer. Kompyuta inakipa herufi, chenyewe kinapima nukta na mistari. Baadhi ya redio mpya za Icom na Kenwood hupokea maandishi moja kwa moja kupitia kebo na kufanya kazi hiyo zenyewe.

Hapa ndipo redio huungua

Kompyuta inapowaka, DTR inaweza kuwaka yenyewe. Redio inadhani umebonyeza, inarusha bila kukoma. Transista zake za nguvu zinaweza kuungua, na wenzako unawazibia masafa.

Kwa hiyo fungua programu kwanza, ndipo uwashe redio. Ukimaliza, zima redio kwanza. Jaribio la mwanzo lifanye kwa nguvu ndogo, ukiweka mzigo bandia badala ya antena. Mlio usipokoma, chomoa waya wa kibonyezo haraka.

Na leseni je? Tanzania ni TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Hata kama anayebonyeza ni kompyuta, anayewajibika ni wewe.